Kumwajibisha kiongozi aliyedanganya au kuvunja ahadi Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kwenye mabaraza, kwenye vituo vya boda boda, nje ya misikiti na makanisa, na huwa mengi zaidi kampeni zikishaisha na vumbi la misafara kutulia. Nimeanza na ya msingi, kisha nikaenda kwenye hali ngumu. Jibu likigusa jingine, nimetaja namba ya swali la kuendea.

## Mambo ya msingi

1. Je, ahadi ya kampeni ni mkataba? Naweza kumpeleka mbunge mahakamani kwa kutoitimiza?

Hapana. Hakuna sheria Uganda inayoifanya ahadi ya jukwaani kuwa mkataba. Sheria za uchaguzi zinaadhibu hongo, na zinaadhibu uongo unaosemwa kumchafua mgombea mwingine. Mgombea akisema "mkinichagua, hospitali itafika hapa", halafu isifike, hajavunja sheria yoyote ya uchaguzi.

Tunasema ahadi ni deni, na ni kweli, ila deni hili halina hati. Hati inapatikana ahadi ikishaingia kwenye mpango wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya na juu ya parishi), kwenye bajeti ya wilaya, kwenye mkataba wa mkandarasi au kwenye kumbukumbu za Bunge. Hapo ndipo kuna tarehe, kiasi cha fedha na sahihi ya mtu. Sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini ni namna ya kuitoa ahadi mdomoni na kuifikisha kwenye karatasi, kisha kuishikilia hiyo karatasi.

2. Nitajuaje kama kiongozi alishindwa, alidanganya, au aliiba?

Uliza fedha ziko wapi. Kama fedha za mradi hazikutengwa kabisa, una ahadi hewa mkononi, na adhabu yake ni ya kisiasa: kura, aibu ya hadharani, kuulizwa maswali mbele ya watu. Kama zilitengwa lakini Wizara ya Fedha haikuzitoa, mwulize kiongozi alifanya nini kuzidai. Kama zilitolewa, zikapokelewa na kazi haionekani, hapo kuna uwezekano wa jinai, na swali la 14 linakuhusu.

Watu wengi hurukia neno "mwizi" kabla ya kujua wako kwenye hali ipi. Kiongozi mjanja hufurahia kosa hilo, kwa sababu atakujibu kuhusu tusi na swali lako litabaki bila jibu.

3. Mbunge aliahidi barabara. Ana uwezo wa kuijenga?

Hana. Ibara ya 93 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia muswada au hoja inayoongeza mzigo kwenye hazina ya taifa isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali. Barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Ujenzi, za wilaya ziko chini ya wilaya, za Kampala ziko chini ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji. Mbunge hana mfuko wa lami.

Anachoweza ni kuibana wizara kwenye kamati, kumwuliza waziri swali, kukataa bajeti isiyo na haki kwa watu wake, na kukagua hesabu. Mpime kwa hayo. Aliisema barabara yenu bungeni mara ngapi? Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zinazoitwa Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge, na jina lake linatafutika humo.

Na sisi wapiga kura tuna sehemu yetu. Tunapomdai mbunge ada ya mtoto, jeneza, mchango wa harusi na mafuta ya boda, tunamfundisha kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Atatafuta fedha hizo mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni palepale ambapo fedha za barabara zingetoka.

4. Na ahadi za Rais na mawaziri?

Ilani ya chama nayo si sheria. Mfano unaojulikana na kila mtu ni wa mwaka 2001, pale ilani ya Rais Museveni iliposema anagombea muhula wa mwisho. Mwaka 2005 Bunge liliondoa ukomo wa mihula, na 2006 akagombea tena. Desemba 2017 Bunge likaondoa ukomo wa umri wa miaka 75, kwa kura 317 dhidi ya 62. Ukomo ulikuwa sheria, na waliouondoa ni wabunge. Kwa hiyo mwenye hasira na ahadi ile anapaswa pia kuuliza mbunge wake alipiga kura gani. Mwaka 2017 kila mbunge aliwekewa shilingi milioni 29 za "kushauriana" na wapiga kura, baadhi walizirudisha. Wako alifanyaje?

Kuna milango miwili ambayo wananchi hawaitumii vya kutosha. Wa kwanza ni Wiki ya Ilani, ambayo mawaziri hujitokeza kila mwaka kueleza wametekeleza nini. Wanachosema hapo ni rekodi unayoweza kuilinganisha na hali ya kijijini kwako. Wa pili ni kamati ya Bunge inayofuatilia ahadi za serikali, yaani yale ambayo mawaziri wameahidi wakiwa wamesimama ndani ya Bunge. Huongozwa na upinzani, kama kamati nyingine za uwajibikaji. Ahadi ya waziri iliyotolewa bungeni ina uzito kuliko ile ya mkutanoni, kwa hiyo ukipata nafasi mwombe mbunge wako amfanye waziri aitoe bungeni, iingie kwenye kumbukumbu.

## Kumwondoa kiongozi kabla ya uchaguzi

5. Si Katiba inasema tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linaumiza. Ibara ya 84 inatoa haki hiyo. Inataja na sababu: kutojiweza kimwili au kiakili, mwenendo unaoiletea ofisi dharau na chuki, au kuwatelekeza wapiga kura bila sababu ya msingi. Inahitaji maombi ya maandishi yenye sahihi za angalau theluthi mbili za wapiga kura walioandikishwa jimboni, yapelekwe kwa Spika, naye aiagize Tume ya Uchaguzi kufanya uchunguzi wa hadhara.

Sasa soma hadi mwisho wa ibara hiyo. Kifungu kilichoongezwa mwaka 2005 kinasema haki hii ipo tu wakati mfumo wa siasa wa Movement, usio wa vyama, unatumika. Mwaka huohuo kura ya maoni ilirudisha vyama vingi. Maana yake haki imeandikwa, lakini huwezi kuitumia. Watu wanaozunguka vijijini wakikusanya sahihi na fedha za "kumwondoa mheshimiwa" kwa ibara ya 84, ama hawajaisoma yote, ama wanajua na wanakula fedha zenu.

Nchi iliyorudisha vyama vingi kwa jina la kupanua demokrasia ingepaswa kuibakiza haki hii na kuirekebisha, kwa mfano kwa kupunguza idadi ya sahihi. Mtu akigombea ubunge mbele yenu, mwulizeni kama yuko tayari kuleta hoja ya kuirejesha, na jibu lake liandikwe.

6. Na diwani au mwenyekiti wa wilaya?

Huku mlango haujafungwa. Ibara ya 182 inawapa wapiga kura wa serikali za mitaa haki ya kufuta mamlaka ya madiwani wao kwa utaratibu wa sheria. Mwenyekiti wa wilaya (LC5) naye anaweza kuondolewa na baraza la wilaya kwa theluthi mbili za kura, kwa sababu kama matumizi mabaya ya madaraka, ufisadi, mwenendo mbaya au kutojiweza. Hivyo kazi yako ni kumshawishi diwani wako, na diwani ni mtu unayeweza kumkuta sokoni.

7. Waziri anaweza kuondolewa na Bunge?

Bunge linaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani kwa ibara ya 118. Theluthi moja ya wabunge wote husaini maombi, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote wapige kura ya kukubali. Imewahi kutokea: Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999 walipigiwa kura hiyo na Bunge la Sita, ambalo wakubwa wetu bado wanalitaja kwa heshima.

Wote wawili walirudi baraza la mawaziri baada ya uchaguzi wa 2001. Kutesa akawa waziri wa mambo ya nje kwa miaka mingi, na Muhwezi akapewa afya na baadaye usalama. Kura ya Bunge inamlazimu waziri ajiuzulu au Rais achukue hatua. Haimzuii Rais kumteua tena. Hata hivyo ilionyesha kwamba wabunge wakitaka, wanaweza, na kila Bunge lililofuata limepimwa kwa hilo.

8. Na Rais?

Ibara ya 107 inataja sababu, zikiwemo matumizi mabaya ya madaraka na kuvunja kiapo kwa makusudi. Theluthi moja ya wabunge huanzisha, theluthi mbili hupitisha. Haijawahi kutumika kumwondoa rais yeyote.

9. Mbunge wetu amehama chama, na bungeni haonekani. Bado ni mbunge?

Akiacha chama kilichompeleka bungeni na kujiunga na kingine, au akaendelea kukaa bungeni kama mbunge asiye na chama, ibara ya 83 inasema kiti kinakuwa wazi. Akikosa vikao 15 vya Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, vivyo hivyo. Neno la kuzingatia ni ruhusa: Spika akiitoa, utoro unakuwa halali. Kwa hiyo usiishie kuhesabu vikao alivyokosa. Uliza kama ruhusa iliandikwa.

## Uchaguzi wenyewe

10. Mshindi alinunua kura, au vyeti vyake ni vya kughushi. Mimi si mgombea. Naweza kufungua kesi?

Ndiyo, kwa ubunge. Mpiga kura aliyeandikishwa jimboni anaweza kufungua kesi Mahakama Kuu akiungwa mkono na sahihi za wapiga kura wasiopungua 500 wa jimbo hilo. Muda ni siku 30 tangu matokeo yachapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Siku hizo zinakwisha upesi, na kesi nyingi zimetupwa kwa sababu sahihi za waungaji mkono zilikuwa na kasoro. Mwenye kusaini aelewe anachosaini, na jina lake lionekane kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura.

Mgombea ubunge lazima awe amemaliza elimu ya ngazi ya A au inayolingana nayo. Vyeti vina nguvu mahakamani kuliko simulizi za mashahidi wa hongo, maana shahidi hubadilika, lakini rekodi ya baraza la mitihani haibadiliki.

Kwa urais ni tofauti kabisa: mgombea tu ndiye anayeweza kwenda Mahakama ya Juu.

11. Nilipokea sabuni na chumvi kutoka kwake. Je, bado nina haki ya kumdai?

Haki ya kumdai uwajibikaji hukuipoteza. Wewe ni raia, na kodi unalipa hata ukinunua hiyo sabuni. Lakini fahamu kwamba sheria ya uchaguzi wa wabunge inamwadhibu anayetoa hongo na pia anayepokea, kwa faini au kifungo kisichozidi miaka 3. Ukitaka kutoa ushahidi, tafuta wakili kwanza.

## Kutafuta karatasi

12. Nianzie wapi?

Anzia gombolola, kabla ya kufikiria Kampala. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mikutano ya bajeti ya wilaya hufanyika kati ya Oktoba na Novemba, na kabla yake vijiji na parishi hutoa vipaumbele vyao. Ahadi isiyoingia kwenye mpango wakati huo haina fedha Julai, hata mheshimiwa aape kwa jina la nani. Kwenye ubao wa matangazo wa gombolola panatakiwa kubandikwa fedha zilizopokelewa. Tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha ina mgao wa kila wilaya, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwa umma. Hutolewa kila mwaka ifikapo Desemba 31.

Nieleze kisa kimoja nilichokifuatilia kwa karibu. Wanawake wa kijiji kimoja cha mashariki waliahidiwa kisima cha kupampu. Wiki moja kabla ya kura, mabomba yalishushwa chini ya mwembe. Baada ya kura, lori likaja kuyachukua. Kwa miezi walimlaumu mbunge kwenye redio, naye akawajibu kwenye redio. Kisha wakaenda gombolola kuomba mpango kazi, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, na mstari waliokuwa wakiutafuta walikuta upo: kisima kimoja, parishi yao, fedha za wilaya. Ila jina la kijiji lilikuwa la jirani. Jina la kijiji chao lilikuwa limefutwa kwa kalamu na hilo jingine kuandikwa juu, bila sahihi.

Tangu siku hiyo hawakumwuliza mbunge tena. Walimwuliza mhandisi wa maji wa wilaya swali moja, kwa barua: nani aliyebadilisha jina hili, na kwa kikao kipi? Aliitwa mbele ya kikao cha gombolola na kusema kijiji chao kilipimwa kikakutwa hakina maji. Wakaomba ripoti ya upimaji. Ripoti haikupatikana. Kijiji chao kiliandikwa kwenye mpango wa mwaka uliofuata, safari hii kwa sahihi. Kisima bado hakijachimbwa, na wao bado wanafuatilia, wakiwa na nakala ya ule ukurasa kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa fedha za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parishi, ulizeni hivyohivyo. Mpango huu ulizinduliwa Kibuku Februari 2022, na kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya hukopeshwa hadi milioni 1. Majina ya waliopewa lazima yajulikane parishini. Kama jirani "alipewa" na yeye mwenyewe hajui, mnayo karatasi ya kuanzia.

13. Ofisi inakataa kunionyesha. Sheria inasemaje?

Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 zinampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu. Unajaza fomu, na kanuni za 2011 zinataja ada ya shilingi 20,000. Ofisa wa taarifa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, ukimya huo unahesabiwa kuwa amekataa, na unaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka taarifa.

Kwenye ombi lako taja karatasi yenyewe. "Nataka kujua fedha za shule" ni ombi linalokataliwa kirahisi. "Naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa madarasa mawili katika shule fulani, mwaka wa fedha fulani, pamoja na hati za malipo" ni gumu kulikwepa. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila huo mhuri siku 21 hazina mwanzo.

## Kupeleka malalamiko

14. Nimepata dalili za wizi. Niende wapi?

Kwa viongozi na watumishi wa umma, ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ndiyo yenye mamlaka mapana: inachunguza, inakamata na inashtaki. Ina matawi mikoani, yakiwemo ya Gulu, Arua, Mbale, Mbarara, Jinja na Soroti, na malalamiko unaweza kuyatoa kwa mdomo au kwa maandishi. Haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kesi kubwa husikilizwa na Kitengo cha Kupambana na Rushwa cha Mahakama Kuu, kilichoanza 2008. Ikulu nayo ina kitengo chake tangu Desemba 2018, ambacho ni chepesi kufika uwanjani, lakini kiko chini ya Rais mwenyewe. Jambo likigusa watu walio karibu na Rais, mimi ningeanza na IGG.

Usitegemee kasi. Mwaka 2023 mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja yalikutwa yamegawanywa kwa wakubwa, waziri wa Karamoja na mawaziri wengine wawili wakashtakiwa, nao wakakana mashtaka. Wengine waliopokea waliambiwa tu wayarudishe. Waliokuwa wameahidiwa mabati wakaendelea kulala chini ya nyasi.

15. Kiongozi ana majumba yasiyolingana na mshahara. Hiyo si kosa?

Inaweza kuwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi inamtaka kila kiongozi kutangaza kwa IGG mapato, mali na madeni yake, ndani ya miezi mitatu ya kushika ofisi na kisha kila baada ya miaka miwili. Kudanganya kwenye tangazo hilo ni kuvunja sheria, na uongo huu una karatasi na tarehe, tofauti kabisa na ule wa jukwaani. Sheria inasema pia kwamba yaliyomo ni taarifa za umma ambazo mwananchi anaweza kuomba kwa IGG.

Kwa nini basi waliopoteza ofisi ni wachache? Kwa muda mrefu hapakuwa na baraza la kuwahukumu. Ken Lukyamuzi alipoondolewa ubunge kwa madai ya kutotangaza mali, Mahakama ya Juu ilisema halikuwa jambo la IGG peke yake, ilihitajika mahakama maalumu. Sheria ya kuiunda ilipita 2017 na wajumbe wake wakaapishwa 2020.

16. Mimi ni karani ndani ya ofisi hiyohiyo. Nitalindwa?

Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2010 inakulinda ukitoa taarifa kwa mwajiri wako au kwa wakubwa waliotajwa: IGG, mkurugenzi wa mashtaka, Tume ya Haki za Binadamu, Bunge, RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), polisi na wengine wachache. Fedha zikirudishwa kwa sababu ya taarifa yako, una haki ya asilimia 5 ya kilichopatikana.

Gazeti, redio na WhatsApp havimo kwenye orodha hiyo. Ukianza na mtandao, kinga ya sheria hii haikufuati. Peleka kwa ofisi iliyotajwa kwanza, uchukue ushahidi kwamba umepeleka.

17. Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kazi za ofisi na mahakama bado ni za Kiingereza. Andika kwa Kiswahili ukitaka maneno yako yawe yako, kisha ambatanisha tafsiri. Kwa IGG unaweza kueleza kwa mdomo, ofisa akaandika. Mwambie akusomee kabla ya kusaini.

## Kusema hadharani

18. Nikimtaja kiongozi kwenye mtandao, nitakamatwa?

Hatari ipo, ingawa mahakama zimefungua njia kiasi. Kosa la kuchapisha habari za uongo lilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2004, la uchochezi likafutwa 2010, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kikafutwa Januari 2023. Vyote vilifutwa kwa sababu raia na waandishi walikwenda mahakamani. Hata hivyo kashfa ya jinai na makosa mengine ya mtandao yametumika dhidi ya wakosoaji.

Kinachokulinda zaidi ni kubandika waraka na picha. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora vibonzo na mhadhiri, aliwaalika watu kupiga picha mashimo ya barabara zao. Mashimo ya Kampala yalijaa kila simu, na Rais akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6. Mwaka 2024 wanaharakati wakafanya hivyohivyo kwa matumizi ya Bunge. Ndipo nchi ikajua kwamba kiongozi wa zamani wa upinzani bungeni alipewa "tuzo ya utumishi" ya shilingi milioni 500. Yeye alisema ilikuwa halali. Hakukana kuipokea, kwa sababu karatasi ilikuwa mezani.

19. Tunaweza kuandamana?

Sheria ya mikutano ya 2013 inataka polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na 15 kabla. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikutano. Hata hivyo Julai 2024 vijana waliotaka kutembea hadi Bunge kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi, na wengi wakapelekwa rumande. Ukiamua kwenda, nenda na namba ya wakili imeandikwa mkononi, na nyumbani wajue uliko. Kijijini, baraza ambapo maofisa husoma hesabu mbele ya watu ni njia yenye hatari ndogo. Mkazi yeyote wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa baraza la kijiji, hivyo hakuna anayeweza kukuambia hukualikwa.

## Hali ngumu

20. Je, mahakama imewahi kuibana serikali kwa huduma isiyotolewa?

Ndiyo, pale ilipokuwa haki ya Katiba. Akina mama wawili walifariki wakijifungua, mmoja Mityana, mwingine Arua. Kituo cha CEHURD, kinachotetea haki za afya, kilifungua kesi 2011. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilisema ni suala la kisiasa. Mahakama ya Juu ikakataa hoja hiyo 2015 na kuirudisha, na Agosti 2020 ikaamuliwa kwamba kutotoa huduma za uzazi za kutosha ni kuvunja haki. Miaka tisa. Kwa hiyo ahadi ya zahanati ikigusa uhai, waone mawakili wa haki za binadamu: huenda mna kesi ambayo ahadi yenyewe isingewapa.

Nyingine ya kukumbuka: katika muswada uleule wa umri wa Rais, wabunge walijiongezea muhula kutoka miaka 5 hadi 7. Raia walikwenda mahakamani, na Julai 2018 Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ikaufuta muda huo wa nyongeza.

21. Mahakama zetu zikishindwa, kuna Arusha?

Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea kesi za wakazi wa nchi wanachama dhidi ya serikali zinazovunja Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2007 iliihukumu Uganda katika kesi ya Katabazi, baada ya watu wenye silaha kuvamia Mahakama Kuu mwaka 2005. Una miezi miwili tu tangu tendo litokee au ulijue.

22. Ahadi ilitolewa na mbunge aliyeshindwa uchaguzi. Mpya anasema haimhusu. Ni kweli?

Kama ilikuwa kauli ya jukwaani, ni kweli. Kama iliingia kwenye mpango wa wilaya, ni deni la wilaya, na mbunge mpya anaweza kuibana wilaya kama yule wa zamani. Nenda kwake ukiwa na ukurasa wa mpango (swali la 12).

23. Mimi ni Mkenya ninayefanya biashara Busia upande wa Uganda. Naweza kutumia njia hizi?

Baadhi. Haki ya taarifa katika swali la 13 ni ya raia, na sahihi za swali la 10 ni za wapiga kura. Lakini malalamiko ya rushwa kwa IGG hayadai uraia, na mahakama ya Arusha iko wazi kwa mkazi wa nchi yoyote mwanachama. Kama ni karatasi unayoitaka, mwombe jirani Mganda mnayeuza naye aijaze fomu kwa jina lake. Soko likikosa choo, linakosa choo kwenu nyote wawili.